Watu Wawili Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni

Kwa ratiba, saa tatu na robo asubuhi Honi alipaswa kuwa kwenye chumba cha madereva anakunywa chai, treni yake ya abiria imeshafika na abiria wameshatawanyika. Lakini siku hiyo treni ya mizigo ilikuwa imeharibika karibu na stesheni ya pili, na mkuu wa stesheni akamkuta kikombe kikiwa mdomoni.

"Chukua kichwa kitupu uende ukaivute," akamwambia. "Chai haiozi."

Basi akaenda. Kichwa cha treni bila behewa hata moja, yeye kwenye kiti cha dereva, na msaidizi wake, Mama Pacha, pembeni yake akiandika saa ya kuondoka kwenye daftari la safari.

Jina la Honi alipewa na wenzake miaka minne nyuma, baada ya mtu mmoja kukatiza reli mbele yake, naye akafunga breki na asiwahi. Tangu hapo alipiga honi kwenye kila kivuko, kila kona, kila alipoona mbuzi, na Mama Pacha aliapa kwamba siku moja alimpigia honi kunguru. Wenzake walicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Ofisi ilikuwa ikimpeleka hata mashuleni, akasimame mbele ya watoto awaambie kwamba reli si njia ya miguu, kwamba geti la kivuko likishushwa hawaruhusiwi kupenya chini yake, na kwamba treni haisimami kama baiskeli.

Walipita kivuko cha barabara kuu, geti limeshuka, magari na pikipiki zimepanga foleni. Wakaingia kwenye kona iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ni kona mbaya ile. Mkono wa kulia una ukuta wa kiwanda, wa kushoto una tuta la udongo, na dereva haoni kilicho mbele mpaka awe ameshakifikia.

Mbele kulikuwa na watu wawili.

Walikuwa katikati ya reli, wamempa mgongo, wanatembea taruma kwa taruma, zile mbao za kulalia reli, wakiwa wameshikana mikono. Mmoja alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa koti la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, koti la wafanyakazi wa reli. Wa pili alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani, pindo lake limezungushiwa maua meupe.

Honi alilijua pindo lile. Mkewe alikaa wiki nzima akilidarizi, akijichoma vidole na kulaani.

Mkono wake ulivuta breki ya dharura kabla akili haijasema lolote. Wa pili ukabana honi na kuing'ang'ania. Magurudumu yakalia, kichwa chote kikatetemeka, daftari la Mama Pacha likaruka. Mwanamume wa koti akageuka. Hakukimbia. Aliinua mkono mmoja juu, wima, mtulivu kabisa, kama mtu anayeruhusu treni ipite. Mwanamke akamkumbatia kiunoni na kujitupa naye upande wa tuta. Kisha mbele ya kioo hapakuwa na mtu.

Kichwa kilisimama mbali, hatua zisizopungua mia mbili kupita pale. Honi akaiachia honi.

"Tumewapata?" alinong'ona.

"Hatujampata," Mama Pacha akasema. Alikuwa ameshika kifua. "Amerukia tuta. Nimemwona akiruka. Mungu mkubwa."

"Wameruka. Wote wawili?"

"Wawili gani? Alikuwa mmoja, Kaka Honi. Mwanamume wa koti."

"Na mwanamke je?"

Mama Pacha akamtazama kwa namna ambayo Honi hakuipenda. "Mimi nilikuwa nimeinama naandika. Uliposhika honi nikainua kichwa, nikaona koti. Mwanamke sikumwona."

Walishuka, wakarudi kwa miguu mpaka pale. Majani ya tuta yalikuwa yamelala, udongo umechimbuka. Hapakuwa na damu, hapakuwa na kiatu, hapakuwa na mtu. Honi alipiga kelele mara mbili, "Nyie! Mko wapi?" Mashine za kiwandani zikaendelea kunguruma. Alitaka kuliita jina la mkewe, akajizuia. Angemwitaje mbele ya Mama Pacha? Kama si yeye, angeonekana amerukwa na akili. Na kama ni yeye, yule wa koti ni nani?

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Haloo, baba watoto." Mkewe alikuwa akihema.

"Uko wapi?"

"Dukani. Niwe wapi tena? Nina magauni ya harusi yananisubiri hapa."

Honi alitega sikio. Duka la mkewe lilikuwa na vyerehani viwili, na redio ambayo haikuzimwa tangu inunuliwe. Kwenye simu hakusikia cherehani wala redio. Alisikia upepo.

"Sawa," akasema. "Nilikuwa nakusalimia tu."

Alasiri, mkuu wa stesheni alimpa fomu ya taarifa. Honi alijaza saa, mahali, mwendo wa treni. Alipofika kwenye idadi ya watu waliokuwa relini, kalamu ikasimama. Mama Pacha alikuwa ameandika mmoja. Yeye aliandika wawili, akafuta, akaandika wawili tena. Chini yake kulikuwa na swali kama dereva anawafahamu watu hao. Akaandika: *Sikuwatambua*. Miaka ishirini na sita kazini, hakuwahi kuandika uongo kwenye karatasi ya reli, na sasa hakuwa na hakika hata kama huo ni uongo.

"Pumzika siku mbili," mkuu akamwambia, kama ilivyo desturi ya kazi yao dereva akinusurika kugonga mtu. "Unaonekana kama wewe ndiye uliyeruka."

Njiani kwenda nyumbani alipitia dukani kwa mkewe. Kufuli lilikuwa mlangoni. Jirani yake, kinyozi, alikuwa akikung'uta taulo nje.

"Shemeji, umechelewa. Dada ameshafunga. Siku hizi hakai sana."

"Hakai kivipi?"

"Si anatoka kila siku kama saa tatu kasoro, anarudi saa nne na nusu." Kinyozi akamwangalia usoni, taulo likatulia. "Nilidhani unajua."

"Najua," Honi akasema haraka. "Najua sana."

Hakujua chochote. Alitembea akiwahesabu kichwani wanaume wa reli wenye urefu ule. Fundi wa ishara? Huyo ni mfupi. Yule wa karakana? Huyo hana hata wiki tangu aumie mguu. Makoti yale walikuwa nayo wote, hata yeye mwenyewe alikuwa nalo limetundikwa nyuma ya mlango. Wazo moja lilipomjia lililifukuza lililotangulia, na yote yalikuwa machafu, na alipoyatazama vizuri hakuna lililoingia akilini. Mtu anayejificha na mke wa mtu, kwa nini ampeleke relini, mchana kweupe, kwenye reli ya mumewe?

Nyumbani mkewe alimpokea kama kawaida, akampa maji ya kunawa, akapakua chakula. Alikuwa amevaa dera la nyumbani. Kwenye kiwiko chake kulikuwa na kitambaa kilichofungwa.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimejikwaa kwenye ngazi za dukani."

Duka lake halikuwa na ngazi. Lilikuwa sawasawa na barabara, hata maji ya mvua yalikuwa yakiingia yenyewe bila hodi. Honi alimeza tonge bila kutafuna.

"Leo nimepita nyuma ya kiwanda cha sabuni," akasema. "Saa tatu na robo."

Kijiko cha mkewe kikasimama hewani. "Saa tatu na robo? Si saa zako hizo."

"Ndiyo, si saa zangu."

Mkewe akakishusha kijiko kwenye sahani taratibu, kama kinaweza kupasuka. Honi alimsubiri aseme. Alikuwa tayari kwa lolote, hata lile baya kabisa, mradi liwe na kichwa na miguu. Lakini mkewe aliinuka, akakusanya vyombo, na kule jikoni akafungulia maji kwa muda mrefu kuliko sahani mbili zinavyohitaji.

Asubuhi iliyofuata Honi alimwambia anakwenda kumwona daktari wa kazini. Alikwenda kusimama kwenye kivuko cha barabara kuu, nyuma ya kibanda cha mlinzi wa geti, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Saa tatu kasoro dakika tano mkewe akatokea upande wa barabara, mkoba begani, anatembea mbiombio. Alipofika relini hakuvuka kama watu wengine. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akakata kona na kuifuata reli yenyewe kuelekea kiwandani.

Honi akamfuata. Mwanzo alipita pembeni, kwenye majani. Majani yalikuwa marefu, kokoto zinateleza, na mkewe alikuwa ameshaanza kupotelea kwenye kona. Akapanda kwenye mataruma kwa sababu huko mguu unakwenda vizuri. Hakukumbuka kuamua. Alikuwa ameshatembea kipande kizuri akimtafuta kwa macho, kichwani koti la machungwa likienda na kurudi, na upepo ukimpiga usoni, ukibeba harufu ya sabuni na mngurumo wa mashine.

Honi ilimlipukia mgongoni.

Haikutangulia sauti nyingine. Hakusikia magurudumu wala injini, yeye aliyelala na kuamka na sauti hizo. Ilikuwa kama treni imeshushwa kutoka angani. Aligeuka akaona uso wa kichwa cha treni umejaa pande zote, na kwa sekunde nzima hakujua akimbilie upande upi. Ukuta huku, tuta kule. Kisha mwili ukajitupa wenyewe kushoto, bega likapiga udongo, na upepo wa treni ya kokoto ukamvua kofia. Akiwa amelala kifudifudi aliinua macho. Kwenye dirisha la kichwa cha treni, kikimpita, alikuwapo Mama Pacha, aliyepangiwa treni hii Honi akiwa mapumzikoni, mdomo wazi, amemtambua.

Treni iliendelea kulia na kuburuza breki mbali huko. Honi alikaa kwenye majani. Alijaribu kukumbuka anachowaambia watoto mashuleni, maneno matatu mepesi, na hakuna hata moja lililokuja.

"Baba watoto!"

Mkewe alikuwa amesimama juu ya tuta, mkono kichwani. Alishuka akiserereka, akapiga magoti, akamshika uso, mikono, magoti, kama anayehesabu viungo. "Umeumia? Umekuja kufanya nini huku? Una wazimu? Wewe! Wewe wa kutembea relini!"

"Na wewe je?" Honi akasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye koti."

Mkewe alimtazama bila kuelewa, halafu akaelewa, na uso wake ukabadilika haraka haraka: hasira, kicheko, tena karibu kilio. "Njoo," akasema. "Njoo umwone mwanamume wangu."

Upande wa pili wa tuta kulikuwa na kalvati la kupitisha maji chini ya reli. Juu ya ukingo wake wa zege alikaa mzee mrefu, koti la machungwa limemning'inia mabegani, anafuta nyundo kwa kitambaa. Koti lilikuwa la zamani, la mtindo ambao ofisi iliacha kugawa miaka mingi iliyopita, na mistari yake ilikuwa imechunika.

"Baba," Honi akasema. Alikuwa baba mkwe wake.

Mzee aliinua macho. "Umechelewa," akamwambia. "Njia ni salama kuanzia kivukoni mpaka hapa. Kuna boliti mbili zimelegea. Nimezikaza. Andika."

Honi hakujua aandike wapi. Mzee huyu alikuwa mkaguzi wa njia kwa miaka thelathini, akitembea kipande chake kila asubuhi na nyundo na spana, na alikuwa amestaafu kabla Honi hajamwoa binti yake. Mara ya mwisho walipoonana, kwenye harusi ya mpwa, alirudia swali moja mara tatu, na Honi akadhani ni uzee tu.

Mkewe alimweleza pale pale, wamesimama, mzee akiendelea na nyundo yake. Baba alikuwa anaishi na mwanawe wa kiume, mdogo wa mke wa Honi, kwenye nyumba za zamani za reli, hatua chache kutoka njiani. Mdogo mtu alitoka alfajiri kwenda kazini. Tangu miezi mitatu nyuma mzee alianza kuamka, kuvaa koti, na kwenda kazini. Walifunga mlango, akautoa bawaba kwa spana. Walificha spana, akatumia kijiko. Ukimwambia ameshastaafu analia kama mtoto, au anakupiga. Ukimshika mkono na kutembea naye mpaka kalvatini, anakwambia zamu imekwisha na anarudi nyumbani mwenyewe, ametulia.

"Ndiyo nikawa natembea naye," akasema. "Kila siku. Leo amenitangulia."

"Katikati ya reli."

"Nimejaribu pembeni. Hataki. Anasema mkaguzi wa pembeni ni mwizi wa mshahara."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe?" Sasa alilia kweli. "Wewe uliyekaa mwaka mzima huli, hulali, kwa ajili ya mtu usiyemjua hata jina? Nikwambie kwamba baba yangu yuko huku mbele kila asubuhi? Ungeendeshaje? Nikasema bora nihakikishe hayupo treni inapopita. Ratiba yako imebandikwa jikoni, naijua kuliko wewe. Wewe unapita saa mbili na nusu. Nyingine inapita saa tano. Hapa katikati hakuna kitu."

"Jana kulikuwa na mimi," Honi akasema. "Leo kulikuwa na treni ya kokoto. Nayo haimo kwenye ratiba. Mke wangu, hii reli haina saa ambayo hakuna kitu."

Mkewe alikuwa akiangalia bega la mumewe, shati lililochanika, na pengine ndipo alipoona vizuri kilichokuwa kimetokea jana. Akakaa chini ghafla, hapo hapo kwenye zege, kando ya baba yake.

"Sikuisikia," akasema taratibu. "Jana. Kabla hujapiga honi sikusikia kitu."

"Hata mimi leo."

Mzee alimgusa binti yake kifundoni kwa mpini wa nyundo. "Huyu dereva ni mpya?" akauliza. "Mwambie asitembee relini. Watu wanakufa hapa."

Honi akampa mkewe mkono ainuke.

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa stesheni kabla hajaitwa. Alisema yote: gauni, koti, fomu, na kwamba yule mtu wa kwenye taarifa mpya ya Mama Pacha ni yeye mwenyewe. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Sasa mimi hapa nimwadhibu nani?" akauliza, na ilionekana kweli hajui. Mwishowe alimpa Honi onyo la maandishi na mwezi mmoja karakanani, akipaka mashine grisi. Mama Pacha hakumsemesha wiki mbili. Siku aliyomsemesha alisema maneno machache tu: "Ningekuua, Kaka Honi. Unajua? Mimi ndiye ningebaki nawe kichwani," na machozi yakamtoka, wakakaa kwenye benchi la karakana mpaka saa ya kutoka.

Mzee walimhamishia kwao, mtaa wa mbali ambako reli haionekani wala haisikiki. Walidhani atasahau. Hakusahau. Asubuhi ya kwanza saa tatu kasoro alikuwa mlangoni, amevaa koti. Mkewe alimtazama Honi, Honi akamtazama mkewe. Ndipo Honi akamshika mzee mkono, akatoka naye. Kando ya barabara yao kulikuwa na mfereji wenye kingo mbili za mawe zilizonyooka sambamba. Mzee aliziangalia kwa muda. Akainama, akagonga jiwe la kwanza kwa nyundo, akasikiliza, akaenda la pili.

Siku nyingine ilifaa. Siku nyingine aligonga mawe mawili, akasimama na kusema huyu mtu amemleta wapi, akaita wapita njia wamsaidie. Watu walisimama, Honi akaeleza, wengine wakaelewa na wengine wakaondoka wakigeuka nyuma. Hakujua kama anachofanya ni sahihi. Daktari alisema hilo si baya. Shemeji yake alisema ni kumdanganya mzee. Mkewe alisema angalau hapa hakuna kinachokuja kwa nyuma.

Asubuhi moja, mwezi wa karakanani ukiwa unakaribia kuisha, mzee alifika mwisho wa mfereji, akafunga nyundo kwenye kitambaa na kusema amechoka, anataka kwenda kwake. Honi akamzungusha mtaa, polepole, mpaka mlangoni pao. Mkewe alikuwa kizingitini na uzi mdomoni, anapima pindo la gauni la mteja.

Mzee alisita. Akatazama mlango, dirisha, binti yake, kisha yule mtu aliyemshika mkono.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Baba."

"Una hakika?"

"Nina hakika," Honi akasema, na akamshika kiwiko ili asijikwae akiingia.